Peggy Alipobadili Jina

Mwezi huu tuzungumze juu ya sinema ya zamani sana, ambayo karibu sisi sote hatukuwa tumezaliwa ilipotoka. Haina rangi. Hakuna mtu anayesikika akizungumza ndani yake. Lakini tulipoitazama tulicheka mpaka tukashika mbavu, na kicheko kilipokwisha tukabaki na maswali. Ni maswali ya kila mama mwenye binti anayetamani makubwa, na ya kila mke aliyeanza maisha na mumewe katika chumba kimoja cha kupanga.

Sinema hiyo inaitwa Show People, yaani "Watu wa Maonyesho". Ilitolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer huko Marekani mwezi Novemba mwaka 1928. Aliyeiongoza ni King Vidor, na waigizaji wakuu ni Marion Davies na William Haines. Ni sinema ya vichekesho inayowacheka watengenezaji wa sinema wenyewe: fahari yao, majina yao ya kubuni, na machozi yao ya kulipwa. Mwaka 2003 iliingizwa katika orodha ya sinema zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kwa wale wasiozifahamu sinema bubu, tueleze kidogo. Waigizaji walisema kwa uso, mikono na mwendo. Pale palipohitaji maneno, yalitokea maandishi mafupi kwenye kioo, kisha picha zikaendelea. Muziki ulipigwa ukumbini na mpiga kinanda au kundi la wanamuziki. Lakini mwezi Oktoba mwaka 1927 ilikuwa imetoka The Jazz Singer, ambamo watu walisikia mwigizaji akiimba na kusema, na mambo yakaanza kubadilika haraka. Show People ilitoka na muziki uliorekodiwa, ila mazungumzo yake yalibaki ya maandishi. Kwa hiyo ilikuwa kama kuaga zama zilizokuwa zikiisha.

Msichana kutoka Georgia

Hadithi inaanza na Peggy Pepper, msichana wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Anawasili Hollywood katika gari kuukuu akiwa na baba yake, mzee mwenye kofia pana na maringo ya watu wa kusini. Wote wawili wana hakika kwamba mji mzima unamsubiri Peggy. Wanapofika ofisi ya kuandikia waigizaji, baba anachukua kitambaa na kukipitisha mbele ya uso wa bintiye. Kila kitambaa kinapoondoka, Peggy anaonyesha uso mwingine: huzuni, hasira, mapenzi, furaha. Makarani wanamtazama. Baba anamtazama pia, lakini yeye haoni kichekesho chochote. Anamwona binti yake tu.

Sisi akina mama tunamwelewa mzee huyo. Nani kati yetu hajawahi kumsimamisha mtoto mbele ya wageni aimbe, na kuamini kwamba hakuna mtoto mwingine duniani anayeimba hivyo?

Peggy na baba yake wanapokula katika chumba cha chakula cha studio, anawajia kijana mcheshi, mtundu, mwenye nguo za kazi ya uchekeshaji. Huyo ni Billy Boone. Anajikaribisha mezani na kula nao kana kwamba ni ndugu. Yeye si nyota. Ni mwigizaji wa vichekesho vya kukimbizana na kuangushana, ambavyo watu wa sinema kubwa waliviona ni vya hali ya chini. Lakini anawahurumia wageni hawa wasio na mwenyeji, na ndiye anayemtafutia Peggy kazi yake ya kwanza.

Maji ya soda usoni

Peggy anaingia kazini akidhani ataigiza mambo mazito. Hajaambiwa ni sinema ya namna gani. Anafungua mlango, anaingia kwa madaha, na mara anapigwa maji ya soda usoni kutoka kwenye chupa ya kurushia. Watu wote wanacheka. Yeye anakimbia akilia.

Hapo tulitofautiana. Baadhi yetu walisema Billy alifanya vibaya, kwa kuwa mtu huandaliwa kabla ya kuaibishwa, hata kama aibu yenyewe ni kazi. Wengine walisema angeambiwa mapema asingeingia kabisa. Hatukupata mshindi. Lakini sote tulikubaliana juu ya kinachofuata. Billy anamfuata kule alikojificha, anakaa naye, hamcheki. Anamweleza kwamba hata wakubwa walianzia huko, na kwamba katika kazi hii mtu hupigwa na kusimama tena. Peggy anafuta uso na kurudi mbele ya kamera, tayari kupigwa maji mara ya pili.

Baadaye wanakwenda pamoja ukumbini kuitazama sinema hiyo ikijaribiwa mbele ya watu. Peggy amejikunyata kwa aibu, kisha anasikia ukumbi mzima ukiangua kicheko. Watu waliochoka na kazi zao za mchana wanacheka kwa sababu yake. Kuchekesha nako ni kipawa, msomaji wetu, tena si chepesi. Tunajua sote jinsi mtu mmoja mcheshi anavyoweza kuinua nyumba yenye msiba.

Lakini baada ya sinema yao fupi inaonyeshwa sinema kubwa ya mapenzi na mavazi ya kifahari, Bardelys the Magnificent, ambayo kwa kweli ilikuwa kazi ya King Vidor mwenyewe ya mwaka 1926. Peggy anaitazama akiwa ameduwaa. Billy anapiga miayo. Mwongozaji amejicheka mwenyewe hapo, jambo ambalo watu wakubwa hawalipendi sana.

Wakitoka nje, mtu mmoja mfupi, nadhifu, anamsogelea Peggy na kumwomba sahihi yake. Peggy anaona usumbufu. Mtu yule anapoondoka anauliza ni nani. Anaambiwa: Charlie Chaplin. Peggy anazimia! Kichekesho chenyewe ni kwamba Chaplin halisi ndiye aliyeigiza sehemu hiyo, bila masharubu, bila kofia wala suruali yake kubwa, na wengi kweli wasingemtambua. Mahali pengine Peggy anamwona Marion Davies akishuka garini, naye anakunja uso kuonyesha kwamba hakupendezwa naye. Na aliyekuwa akiigiza kama Peggy ni Marion Davies huyo huyo.

Patricia Pepoire

Siku inakuja ambapo studio kubwa ya sinema nzito inamtaka Peggy. Inamtaka yeye peke yake, Billy haitwi. Wanaagana, na Billy anajikaza kufurahi kwa ajili yake. Mke yeyote aliyewahi kumsindikiza mumewe anayekwenda kazi ya mbali, akitabasamu mpaka basi likapotea, ataujua uso ule wa Billy.

Huko kwenye studio mpya Peggy anatakiwa kulia mbele ya kamera. Enzi zile wanamuziki walikaa kando ya waigizaji wakipiga nyimbo za huzuni ili machozi yatoke. Machozi ya kuagizwa si kazi rahisi, na sinema inatuchekesha sana hapo. Lakini Peggy anapanda. Anapewa jina jipya, Patricia Pepoire, lenye harufu ya Kifaransa. Anajifunza kuinua kidevu na kubana midomo mpaka meno ya mbele yanachungulia kama ya sungura. Anaigiza pamoja na bwana mmoja aitwaye Andre, anayejitangaza kuwa mtu wa ukoo wa heshima wa Ulaya, na ambaye huko nyuma alikuwa mhudumu wa hoteli. Hakuna aibu katika kuwapelekea watu chakula. Aibu ni kukana kwamba uliwahi kuwapelekea.

Watazamaji wa siku zile walikuwa na mfano halisi akilini. Gloria Swanson, nyota mkubwa wa wakati huo, alikuwa amepitia vichekesho vya Mack Sennett kabla ya kuwa malkia wa sinema nzito, na mwaka 1925 aliolewa na bwana mwenye cheo cha ukoo huko Ufaransa. Hivyo mzaha ulieleweka mara moja.

Siku moja kundi la Billy na kundi la Patricia wanakutana wakipiga picha nje ya mji. Billy anamkimbilia kwa furaha, na nguo zake za kuchekesha mwilini. Yeye anamtazama kama mtu anayemtazama mwombaji mlangoni. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Yule aliyekuona ukilia na uso umelowa, akakupa moyo, ndiye aliye mbacha wako. Msala una nakshi nzuri, lakini unapita.

Tena si Billy tu aliyempoteza. Mkuu wa studio anamwita na kumwambia kwamba wenye kumbi hawazitaki tena sinema zake. Watu walimpenda Peggy, hawakumpenda Patricia.

Siku ya harusi

Patricia anajiandaa kuolewa na Andre. Mavazi tayari, wageni tayari. Ndipo Billy anapoingia bila mwaliko, akiwa na silaha zake za kazi. Maji ya soda yanaruka usoni mwa bibi harusi kama siku ile ya kwanza. Keki ya krimu inarushwa, na mwisho wake ni usoni mwa bwana harusi mtukufu. Katika vurugu hiyo Peggy anazinduka. Fahari inaondoka usoni pamoja na poda, na msichana wa Georgia anarudi.

Hapo pia tulibishana. Mmoja wetu, mama wa mabinti watatu, alisema wazi kwamba mtu akija kumwaga maji kwenye harusi ya mwanawe, atatolewa nje na mabaunsa wa ukoo. Tulicheka, na tukakubali kwamba hiyo ni sinema. Katika maisha yetu mtu hazinduliwi kwa kuvurugiwa sherehe. Lakini ni kweli kwamba karibu na kila anayepotea huwapo mtu anayeijua sura yake ya kwanza, na anayethubutu kumkumbusha wakati wengine wote wanamsifu. Mtu huyo mara nyingi tunamwita mkorofi.

Sinema inaisha vizuri. Peggy anapanga kwa siri Billy apewe kazi katika sinema yake mpya ya vita. Mwongozaji wake ni King Vidor mwenyewe, aliyejitokeza kwa sura yake. Billy hajui ni nani atakayeigiza naye, mpaka wanapokutana mbele ya kamera. Wanabusiana kama hadithi inavyotaka. Mwongozaji anasema inatosha. Wao hawasikii. Wafanyakazi wanaondoka mmoja mmoja, nao wangali hapo.

Aliyekuwa nyuma ya Peggy

Tungeweza kuishia hapo. Lakini maisha ya Marion Davies mwenyewe yana jambo zito zaidi ya hadithi aliyoiigiza.

Marion alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1897, akaanza kama msichana wa kucheza dansi jukwaani. Akiwa bado kijana alipendwa na William Randolph Hearst, mwenye magazeti mengi na utajiri mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1863. Hearst alikuwa na mke, Millicent, aliyemwoa mwaka 1903, na watoto watano wa kiume. Hakumtaliki kamwe. Aliishi na Marion kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 1951, na hakumwoa. Sisi wake hatuwezi kupita hapo kama hatukuona. Yupo mwanamke aliyebaki na jina la ndoa bila mume, na yupo mwanamke aliyebaki na mtu bila jina la ndoa. Mwenye mali hakulazimika kuchagua. Gharama waliilipa wao wawili.

Hearst alitumia pesa nyingi kumfanya Marion kuwa nyota. Lakini alitaka awe nyota wa namna gani? Alimtaka katika sinema za kihistoria, zenye magauni mazito na majumba ya kifalme, kama When Knighthood Was in Flower ya mwaka 1922. Kipawa cha Marion kilikuwa kwingine. Alikuwa mcheshi wa kuzaliwa, hodari wa kuiga watu. Mwaka huo huo wa 1928 aliigiza sinema nyingine ya King Vidor, The Patsy, ambamo aliwaiga nyota wakubwa wa wakati huo mmoja baada ya mwingine mpaka watu wakakauka koo kwa kucheka.

Vidor alieleza baadaye kwamba katika Show People alitaka Marion apigwe keki usoni, kama ilivyo desturi ya vichekesho. Hearst alikataa. Aliona ni kumdhalilisha. Ikabidi wakubaliane juu ya maji. Basi fikiri, msomaji wetu: Marion anaigiza msichana aliyepotea kwa kuacha vichekesho na kufuata fahari, na nje ya kamera amesimama mtu anayempenda, akizuia asichekeshe kupita kiasi kwa sababu ya fahari.

Hatusemi Hearst hakumpenda. Tunaamini alimpenda sana. Marion naye alimjibu kwa uaminifu. Mwaka 1937, kampuni za Hearst zilipozama katika madeni, Marion aliuza vito na mali yake akampa dola milioni 1. Alikuwa pia mtu wa huruma, na aligharimia kliniki ya watoto huko Los Angeles. Lakini upendo wa Hearst ulitaka kumwona juu ya kiti cha enzi, hali yeye alikuwa hai zaidi akiwa ameanguka sakafuni na watu wakicheka.

Tangu utoto Marion alikuwa na kigugumizi, na sinema za sauti zilipokuja alikuwa na hofu. Hata hivyo aliendelea kuigiza mpaka mwaka 1937. Mwaka 1941 ilitoka sinema maarufu ya Orson Welles, Citizen Kane, yenye tajiri wa magazeti anayemlazimisha mwanamke asiye na kipaji kuwa mwimbaji. Watu wengi wakadhani kwamba Marion alikuwa hivyo. Alifariki mwaka 1961. Kumbukumbu zake zilipochapishwa mwaka 1975, Welles mwenyewe aliandika dibaji akisema kwamba yule mwanamke wa sinema hakuwa Marion, na akamsifu kuwa mchekeshaji mwenye kipawa kikubwa. Sifa hiyo ilikuja ikiwa imechelewa miaka 14.

Tuyapeleke nyumbani

Mama mwenzetu, pengine mwanao hatafika Hollywood. Lakini huenda ana kipawa ambacho si kile ulichokiombea. Ulitaka daktari, yeye mikono yake inapenda mbao na misumari. Ulitaka binti mpole wa kukaa sebuleni na wageni, yeye ndiye anayewaiga shangazi zake mpaka babu anapaliwa na chai. Kabla ya kumkataza, jiulize: ninamlinda yeye, au ninalinda heshima yangu mbele ya watu? Yapo mambo ya kukataza, na mzazi asiogope kuyakataza. Ila tusiyachanganye na yale tunayoyaonea aibu tu.

Na akitamani jukwaa, je? Tufanye kama baba yake Peggy kwa upande mmoja: alikwenda naye. Hakumwachia binti yake kubisha milango ya wageni peke yake. Tujue ni nani anayemwita, anamwitia nini, na atarudi nyumbani saa ngapi. Mtoto anayesindikizwa huvumilia kuchekwa.

Kisha tugeukie meza yetu wenyewe. Wako waume waliopanda kazini wakaanza kuona haya mbele ya wake waliokula nao ugali mkavu. Wako pia wake waliopanda. Si dhambi kupanda, wala kununua gauni jipya. Kinachouma ni siku ile unapokutana njiani na aliyekufuta machozi, ukajifanya humjui.

Jioni moja mwezi huu, shughuli zikiisha, mwulize mwenzako swali hili: "Ni kitu gani nilichokuwa nikikifanya zamani, kikakuchekesha, ambacho nimekiacha?" Jibu linaweza kuwa dogo. Pengine ni wimbo uliokuwa ukiuimba ukipika, au namna ulivyokuwa ukimwiga jirani yenu wa kwanza. Kama hakuna ubaya ndani yake, kirudishe. Nyumba nyingi hazikosi heshima, mama. Zimepungukiwa kicheko tu.